Chumvi ya Watu Sita

Jumanne, 14 Januari 2025. Tanga.

Majibu yametoka. Daktari, binti mdogo mwenye miwani, ameyasoma mara mbili kabla hajafungua mdomo. Kreatinini ni 81, na maabara hawakuweka alama yoyote pembeni kwa sababu 81 bado imo ndani ya kiwango chao. Kwa mstari huo peke yake ningerudi nyumbani nikicheka. Kilichonifichua ni mkojo: albumini miligramu 96 kwa kila gramu ya kreatinini, na inatakiwa isifike 30. Oktoba nayo ilionekana, ndiyo maana waliniambia nirudi baada ya miezi mitatu. Protini ikionekana mara moja yaweza kuwa homa, yaweza kuwa UTI, yaweza kuwa mtu katoka kwenye kazi ya sulubu. Ikikaa miezi mitatu, ni ugonjwa.

Basi ni ugonjwa. Ugonjwa sugu wa figo, hatua ya pili kati ya tano. Figo zinachuja mililita 78 kwa dakika. 90 kwenda juu ndiyo sawasawa. Sababu ni presha. Leo ilikuwa 152 kwa 96, na Mungu ndiye ajuaye imekuwa hivyo tangu lini, maana presha haiumi.

Nimemuuliza kama nitapona. "Mama, makovu ya figo hayafutiki," akasema. "Lakini tukiishika presha sasa hivi, unaweza ukazeeka na figo zako hizohizo." Nimelipenda jibu hilo kuliko kama angenibembeleza.

Losartan miligramu 50, kidonge kimoja kwa siku. Chumvi isizidi gramu tano, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa siku nzima na vyakula vyote. Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake, marufuku. Mgongo ukiuma ni Panadol. Nirudi baada ya wiki mbili wapime damu tena, kwa kuwa losartan huweza kupandisha potasiamu.

Baba watoto nimemwambia baada ya isha. Amenyamaza, kisha akauliza: "Ni ule wa kusafisha damu?" Nikamwambia huko ni hatua ya tano. Yeye ndiye anayegeukageuka kitandani sasa. Mimi nipo mezani naandika.

Alhamisi, 16 Januari

Nyumba hii jiko ni la mavyaa. Mimi nina digrii, nina madarasa manne ya jiografia, na mshahara wangu ndio unaonunua mkaa. Lakini chungu ni chake, tangu nilipoingia hapa nikiwa bi harusi. Kwa hiyo habari ya chumvi haikuwa ya kuiamua mimi. Ilikuwa ya kuombwa.

Nimemfuata uani baada ya alasiri, anaparua samaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wamekwambiaje huko?"

Nikamweleza. Akaniangalia usoni, halafu miguuni. "Figo, na mbona hukuvimba?"

Swali zuri kuliko mengi niliyosikia ofisini kwa walimu. Nikamjibu kwamba kuvimba huja baadaye, mwanzoni hakuna dalili, na wengi hujulikana wakiwa wamekwisha chelewa. Akaendelea kuparua. Mwisho akasema, "Nitakupikia chako mbali."

Ukarimu ule ulinitia baridi. Hapa watu sita tunakula sinia moja. Nikipewa kisahani changu pembeni nitakuwa mgonjwa rasmi, na watoto watajifunza kunihurumia. Sikumjibu. Nilimshukuru, nikaondoka.

Jumamosi, 18 Januari

Nimenunua pakiti mpya ya chumvi, nusu kilo, nikaiandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Mavyaa kaniona, hakuuliza.

Hesabu yenyewe: watu sita mara gramu tano ni gramu 30 kwa siku. Nusu kilo inapaswa kutuchukua siku kumi na sita na ushei, hapo tukiwa tumejaza kipimo chetu chote na hatuli chumvi nyingine yoyote. Tutaona.

Jumatano, 29 Januari

Pakiti imekwisha asubuhi hii.

Nimeiweka tupu mezani kwa mavyaa, nikamsomea hesabu. Akaichukua, akaigeuza, akasoma tarehe. Nikamkumbusha ambavyo havimo kwenye pakiti: vidonge vya mchuzi, ambavyo ukisoma karatasi yake utakuta chumvi imetangulia juu kabisa, ng'onda, achari, mkate wa dukani, chipsi za watoto. Na magadi.

Kwenye magadi akanikatiza. "Magadi si chumvi."

Hapo ndipo ualimu ukafaa. Miaka yote nimekuwa nikiwachorea wanafunzi Ziwa Natron ubaoni, maji yanaingia hayana pa kutokea, jua linayakausha, yanabaki magamba meupe ya magadi. Hayo ni kabonati na bikabonati ya sodiamu. Na sodiamu ndiyo hasa daktari anayoikimbia anaposema chumvi. Kipande anachotupia kwenye maharage ili yaive upesi ni sodiamu ileile iliyoingia kwa mlango wa uani.

"Sasa maharage yataiva na nini?"

"Tuyaloweke usiku kucha, mama."

"Na mkaa?"

Amenishika. Mkaa umepanda, na kuloweka hakufanyi kazi yote ya magadi. Tumekubaliana nitaongeza hela ya mkaa. Sijui kwa nini vijitabu vya lishe haviandiki gharama hiyo.

Damu nimepima leo vilevile. Potasiamu 4.5, safi. Daktari kasema ndizi nile, embe nile, dafu nikitaka ninywe, si kila siku. Maana kwenye WhatsApp nimekwisha tumiwa orodha ndefu ya makatazo: ndizi, nyanya, maharage, viazi, mchicha, dafu. Nilipomwonyesha akacheka. Orodha hizo zina wenyewe, ni wale ambao potasiamu imewapanda au figo zimeshuka sana. Mtu wa hatua ya pili akizifuata atabaki na ugali na hofu.

Jumapili, 9 Februari

Vyakula vya wiki, nisije nikasahau vilivyokubalika: kibua wa kupaka, ndimu nyingi, kitunguu saumu, pilipili ya kukaanga. Mbaazi za nazi bila kidonge cha mchuzi, zikatiwa bizari na tangawizi. Mchicha na embe bichi. Watoto walilalamika siku za mwanzo, sasa kelele zimepungua. Mdogo kasema chipsi za kantini ni chungu. Anataka kusema zina chumvi.

Mavyaa ndiye aliyepata njia, si mimi. Chungu kinapikwa bila chumvi mpaka mwisho; kikiepuliwa anatia kwa kijiko cha chai, kilichopimwa, anakoroga mara moja. Chumvi ikiwa juu ulimi unaikuta haraka, asema. Achari inakaa mezani kwa anayeitaka. Kile kisahani changu cha pembeni hakijatajwa tena.

Nyama na samaki daktari hakunikataza, alinipa kipimo: gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili. Kwangu, kilo 74, ni kama gramu 59. Kipande cha samaki kinachojaa kiganja kina kama 20. Kwa kweli hapa kwetu kuzidisha si rahisi. Nani anakula nyama mara tatu kwa siku?

Jumanne, 18 Februari

Baba watoto karudi kutoka Dar na zawadi. Ameiweka mezani kama mtu anayeweka mahari: chumvi ya afya, kaitoa supamaketi kubwa, ghali. "Hii hata ukitia nyingi haina neno."

Nimesoma maandishi madogo nyuma ya kopo. Kloridi ya potasiamu. Kwa mtu mwenye figo nzima huenda ni kitu chema. Kwangu, juu ya losartan ambayo yenyewe huzuia potasiamu isitoke, ni hatari. Potasiamu ikipanda sana moyo ndio unaoyumba.

Kumwambia kulikuwa kugumu kuliko kumwambia mavyaa habari ya magadi. Amezunguka na kopo hilo Kariakoo mpaka stendi. Nikamwambia nimeiona huruma yake, na kopo siwezi kulitumia. Akasema sawa, kisha akatoka barazani akakaa peke yake.

Jumamosi, 22 Februari

Wifi kaleta chupa kutoka Mombasa. Mizizi, maji ya rangi ya chai, hakuna jina. "Inafyonza sumu zote za figo." Nimemuuliza kuna nini ndani, hajui, aliyeuza naye hakusema. Siwezi kumpa figo kazi ya kuchuja kitu ambacho hata muuzaji hakitaji. Nimeipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, na haitafunguliwa.

Na jirani wa upande wa pili, kwa nia njema kabisa, kanishauri juisi ya birimbi ya kushusha presha, glasi kila asubuhi. Mbirimbi wetu uani umezaa mpaka shina halionekani. Nimempigia daktari. Birimbi moja mbili kwenye mchuzi wa familia haina neno, lakini juisi nzito, hapana: ina asidi ya oksaliki nyingi, inaganda kuwa fuwele ndani ya mirija ya figo. Huko Kerala, India, madaktari wamewaandika watu waliokunywa juisi hiyo figo zikagoma ghafla, wakafikishwa kwenye mashine. Mavyaa hakuamini. Miaka yote anatia birimbi kwenye achari. Nikamwambia achari ni achari, glasi ni glasi.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya Figo Duniani, huwa Alhamisi ya pili ya Machi, tangu 2006. Redioni wamezungumza robo saa, kisha wakarudi kwenye mpira.

Nimefunga. Daktari aliniruhusu kwa masharti: nikitapika au kuharisha nifungulie siku hiyohiyo na losartan niiache mpaka nitulie, na kati ya futari na daku ninywe maji kidogokidogo, si kujaza tumbo kwa mkupuo. Kidonge nakimeza baada ya futari. Shida ni futari yenyewe. Mwezi mzima ni mwaliko. Muhogo wa nazi na ng'onda kwa shangazi, tambi, kaimati, na kila nyumba ina mkono wake wa chumvi. Kwa shangazi nilikula muhogo, ng'onda nikamsogezea Baba watoto. Shangazi kaona. "Umekuwa mzungu?" Mavyaa akajibu kabla yangu: "Mwache. Ana figo."

Ana figo! Tumecheka mpaka machozi. Kana kwamba wengine hawana.

Ofisini kuna mwenzetu ambaye mume wake anasafishwa damu, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Hana tena siku ya kazi, hana safari. Upandikizaji unafanyika hapahapa nchini, Muhimbili walianza Novemba 2017 na Dodoma mwaka uliofuata, lakini lazima upate ndugu wa kukutolea, na gharama. Huwa simwulizi mengi. Leo yeye ndiye aliyeniuliza: ulijuaje mapema? Nikamwambia kipimo cha mkojo, basi. Mume wake alipimwa kreatinini tu, miaka na miaka, ikawa "kawaida".

Jumapili, 6 Aprili

Matembezi yamerudi baada ya Idi. Toka Ngamiani mpaka Raskazone alfajiri, baiskeli zinanipita na mikungu ya ndizi. Magoti yanauma kidogo. Kijana wa duka la dawa kanifungulia diklofenaki bila hata kuuliza, nimemrudishia.

Jumanne, 22 Aprili

Albumini 41. Ilikuwa 96. Presha 126 kwa 80, na lengo ni chini ya 130 kwa 80.

Uchujaji 75, umeshuka kwa tatu, nikashtuka. Daktari kanieleza kwamba losartan hulegeza msukumo ndani ya vichujio, kwa hiyo namba hushuka kidogo mwanzoni, na huo msukumo kupungua ndio unaozuia protini isivuje. Angehofu kama ingeshuka kwa theluthi. Uzito kilo 71.

Mavyaa alinisindikiza leo. Alisema anakuja kukaa tu. Nesi alipokuwa ananifunga mkanda wa presha, nikamwomba ampime na mama. 174 kwa 92. Ana miaka 69, amepika kwa mkono ule maisha yake yote, na kichwa hakijawahi kumuuma. Njiani hakusema kitu mpaka tulipofika Barabara ya Nane, akaniambia nisimwambie mwanawe leo.

Sasa nafikiri angenipikia mbali, kama alivyosema Januari, albumini yangu ingeshuka vilevile, kwa kidonge na kisahani changu. Na yeye tungemjua siku anaanguka jikoni. Mgonjwa hapa hakuwa mmoja, na lishe ya mtu mmoja katika sinia la watu sita ni kudanganyana.

Mavyaa: mkojo na damu, Jumatatu 28 Aprili, asubuhi. Mimi: Jumanne 22 Julai. Losartan zimebaki za siku chache, kesho nipitie duka la dawa.