Shaba Ilipokwisha: Kutoka Kilembe hadi Katwe

Wageni wengi wanaofika Kasese, magharibi mwa Uganda, huwa na haraka. Ama wanakwenda kupanda Rwenzori, ama kutazama tembo na viboko katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Mjini wanalala tu. Mimi nilikwenda kwa ajili ya kile wanachokipita: mgodi wa shaba wa Kilembe, uliougeuza Kasese kuwa mji, kisha ukafungwa.

Nilipanda bodaboda kufuata bonde la mto Nyamwamba, kama kilomita kumi hivi kutoka mjini. Bonde linabanwa na milima pande zote mbili, na barabara haina pengine pa kupita ila kandokando ya mto. Mto wenyewe siku ile ulikuwa maji ya magotini, lakini kingo zake zilijaa mawe, mengine makubwa kama gari dogo. Yameshuka na mafuriko. Mei 2013 mto ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba, na Mei 2020 ukarudi tena. Mara zote mbili hospitali iliyojengwa na mgodi, ambayo watu wa bonde zima waliitegemea, ilikumbwa na maji.

Kilembe ilianza kutoa shaba mwaka 1956. Mwaka huohuo reli kutoka Kampala ilifika Kasese. Shaba ilichenjuliwa hapa, ikapakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Jinja, kwenye tanuru lililotumia umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Mgodi, reli, bwawa na tanuru vilitegemeana. Katika miaka ya 1960 shaba ilikuwa miongoni mwa bidhaa kuu za Uganda za kuuza nje, pamoja na kahawa na pamba. Kisha ikaja miaka ya Idi Amin: vipuri havikupatikana, wataalamu wakaondoka, na bei ya shaba duniani nayo ikashuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ilikoma. Baadaye treni nazo ziliacha kuja, na leo reli imefunikwa na majani.

Kinachomgusa mgeni kwanza ni makambi ya wafanyakazi. Nyumba ndogondogo zimepangwa mistari kwa mistari mlimani, na bado watu wanaishi humo. Nguo zimeanikwa, watoto wanacheza. Mzee mmoja aliyewahi kuchimba chini ya ardhi alikubali kunitembeza. Kiswahili chake alijifunzia kazini, kwa wenzake waliotoka Kongo na Kenya. Nilipomwamkia "Shikamoo, mzee," aliitikia kwa furaha, akaniuliza habari za Tanzania kana kwamba ni jirani ya mlango wa pili.

Alinionyesha mlango wa handaki, umezibwa kwa nondo, hewa ya baridi ikitoka ndani. Akanieleza jinsi king'ora kilivyolia na bonde zima likajua zamu inabadilika. Mishahara ililipwa kwa wakati, watoto walisoma, mgonjwa alitibiwa. Kisha akaelekeza fimbo yake kwenye kilima cha kijivu kando ya mto, kisichoota hata nyasi.

"Unaona kile, mwanangu? Si mlima. Tumekijenga sisi kwa mikono yetu."

Yalikuwa marudio: mchanga uliobaki baada ya mawe kusagwa na shaba kutolewa. Nilisogea karibu. Mto ulikuwa umekula mguu wa kilima, na pale ulipokatwa ulionekana mkanda wa rangi ya kutu, wenye vijistari vya kijani. Maji yalipita juu yake na kuendelea chini, kuelekea mjini na Ziwa George. Watafiti wamepima maji na udongo wa bonde hili wakakuta shaba na kobalti kupita viwango. Hapo chini watu wanafua, na kando ya mto wamepanda mihogo. Nilikuwa nimesoma habari hizi kabla sijaja, lakini kuliona shamba lenyewe ni jambo lingine kabisa.

Lundo jingine, la pairaiti yenye kobalti, lilikuwa chini mjini Kasese. Mvua ililiosha miaka mingi, tindikali ikatiririka hadi ndani ya hifadhi na kuua uoto ilikopita. Lile angalau lilipata dawa: tangu 1999 kiwanda kilitumia bakteria kuchenjua kobalti iliyokuwamo, hadi lundo likaisha. Kwangu huo ni ushahidi kwamba uchafu wa mgodi unaweza kuondolewa pakiwa na nia na fedha.

Juu ya makambi, kijiji cha Kyanjuki ndicho mlango wa njia ya Kilembe ya kupandia Rwenzori. Nilipanda kwa siku moja tu, nikiwa na kiongozi wa Kikonzo, hadi mianzi ilipoanza. Kima walikuwa wakiruka juu yetu, na kila korongo lilikuwa na maji safi. Kilele cha Margherita, mita 5,109, hakikuonekana kwa mawingu. Barafu yake inapungua mwaka hadi mwaka, na kwa Wakonzo, wenyeji wa milima hii, wanaoamini kuwa mungu wao Kitasamba anakaa kwenye theluji ile, upotevu huo si wa mandhari peke yake.

Kutoka huko nilishuka kusini, nikavuka ikweta, hadi Katwe. Hapa wanachimba chumvi, na walikuwa wakiichimba karne nyingi kabla ya kampuni yoyote. Wafalme waliipigania, na mwaka 1891 ofisa Mwingereza Lugard alijenga ngome hapa. Ziwa la chumvi liko ndani ya shimo la volkano, maji yake mazito yakinuka kama yai viza. Wanawake hukwangua chumvi kwenye vijiziwa vilivyozungushiwa kuta za udongo. Wanaume huingia majini, kuvunja mabamba ya chumvi kutoka chini na kuyavuta kwa vyelezo. Mwanamke mmoja alinionyesha viganja vyake: ngozi imepasuka, na kila siku inaingia chumvi tena.

Ufukoni kimesimama kiwanda kilichojengwa na Wajerumani ili kuichakata chumvi hii kitaalamu. Mabomba yaliliwa na maji ya ziwa, kikafa mapema, sasa ni kutu tupu. Vijiziwa vinaendelea kulisha familia.

Kuna mipango ya kuufufua mgodi wa Kilembe; mkataba wa mwaka 2013 na kampuni ya kigeni ulivunjika baada ya miaka michache. Sina shida na shaba kuchimbwa tena. Ila marudio yaondolewe kingo za Nyamwamba kwanza, kabla ya tani moja mpya kutolewa ardhini. Nawe msomaji, ukienda Rwenzori au hifadhini, tenga siku moja kwa Kilembe. Mlipe mkazi wa makambi akutembeze, umsikilize, na umuulize juu ya kile kilima cha kijivu.