Unasema kama Nani?

Kabla ya kuiuliza hifadhidata idadi ya wagonjwa wa malaria, mimi huiuliza kwanza habari zake yenyewe. Hapa Barumbu, mkoani Tshopo, naona hilo linatangulia hata ufundi wa SQL, lugha ambayo Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM waliitoa mwaka 1974.

Tunatumia hifadhidata ya PostgreSQL, ile ile inayobeba DHIS2, programu ya Chuo Kikuu cha Oslo ambayo wizara yetu ya afya inakusanyia takwimu. Swali langu la kwanza ni la saa. Kongo ina kanda mbili za saa, na Kinshasa iko saa moja nyuma yetu. Fomu ikiingizwa huku saa sita na nusu usiku, tarehe 1 Juni, seva inayofuata saa za Kinshasa itaiandika 31 Mei. Mgonjwa kahamishwa mwezi, na hakuna aliyedanganya. Ndiyo maana naandika SHOW timezone kabla ya kuhesabu chochote. Ni watu wangapi tumegombana nao, kumbe kila mmoja alikuwa mkweli kwa saa yake!

Kinachonigusa zaidi ni majina mawili ambayo hifadhidata hunijibu. session_user hutaja aliyeingia kwa nywila yake; current_user hutaja yule ambaye mamlaka yake yanatumika sasa hivi. Mara nyingi ni mtu mmoja. Msimamizi akiandika SET ROLE, la pili hubadilika, la kwanza hubaki palepale. Nikiwa na vijana wanaojifunza kazi, hapo hukaa nao sana. Aliyepewa cheo cha ukoo, cha kanisa au cha ofisi husema kwa sauti ya cheo hicho, na ni halali, kazi haiendi vinginevyo. Ila siku ya kuulizwa, litaitwa jina lake mwenyewe. Baba yangu mdogo, aliyekuwa akisuluhisha kesi za mashamba, alianza kila mara hivi: “Wewe unasema kama nani?” Asipojibiwa, hakusikiliza zaidi.

Kisha kuna pg_postmaster_start_time, jina refu kweli, inayoeleza seva iliwaka lini. Umeme ukiwa ulikatika usiku, jibu ni leo asubuhi. Basi siidai habari za usiku ule; sifuri zake hazina maana kwamba hakuna aliyeugua. Naenda kwa muuguzi aliyekuwa zamu, tunafungua daftari lake la karatasi.