Mbuzi wa Manjano

Santuri ninayoitamani kuliko zote ilitoka Uswidi mwaka 1984: albamu ya kwanza ya Bathory, mojawapo ya misingi ya muziki uitwao black metal. Quorthon, kiongozi wa kundi hilo, alitaka mbuzi aliye jaladani achapishwe kwa rangi ya dhahabu. Gharama ikazidi, nakala 1000 za kwanza zikatoka na mbuzi wa manjano, rangi ambayo mwenyewe hakuipenda. Ajabu ni kwamba wakusanyaji humng'ang'ania huyo huyo, kwa bei inayoweza kumeza ufadhili wangu wa masomo. (Niliyo nayo ni nakala ya baadaye, na muziki ni ule ule!) Sisi tunaolinganisha miswada ya tenzi huuliza kwanza mtunzi alikusudia nini. Hapa mtunzi alikusudia dhahabu, nami bado nautaka umanjano.