Supagluu ikishika vibaya

Nina ng'ombe mdogo wa plastiki ninayemtumia kuonyesha mahali pa kuchoma chanjo. Alivunjika mguu, nikaubandika kwa supagluu, kwato zikatazama nyuma. Usifanye nilivyomfanyia mwenzake wa mwanzo: nilimpaka asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, plastiki ikayeyuka pamoja na gundi. Huyu nilimtia kwenye mfuko, nikamwombea nafasi kwenye friza ya muuza soda, akalala humo usiku kucha. (Mwenye duka alicheka sana.) Gundi hii ikipata baridi kali hukakamaa na kukatika kirahisi. Asubuhi, kabla hajapata joto, nilizungusha mguu taratibu, ukaachia. Wako ukigoma, usilazimishe. Urudishe kwenye friza. Mabaki nimeyakwangua kwa wembe. Kesho nakwenda naye kwenye mafunzo.