Mashini ikikataa kujaza batri, tuulize kwanza kabla ya kununua



Juma hili tunawaletea neno juu ya mashini ya kikundi, ile kompyuta ndogo mnayoiona mezani siku za mkutano. Wengi mmetuuliza habari zake, na mlikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi. Ndani yake mna hesabu za sanduku letu: nani ameweka sehemu ngapi, nani amekopa, nani amerudisha. Humo pia mna orodha ya familia zilizokimbia vita na kupokelewa hapa kwetu, pamoja na majina ya watoto wao tuliowaingiza darasani. Na kugawana kwa mwisho wa mwaka kunakaribia, wakati watoto wa sekondari wanangojea malipo ya masomo.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi. Ukiichomeka kwenye prizi inawaka na kufanya kazi vizuri. Ukiichomoa, baada ya dakika mbili imezimika. Pembeni mwa ekrani paliandikwa kwa Kifaransa kwamba imechomekwa lakini haijazi, na batri ilibaki kwenye asilimia 3 tangu asubuhi hadi jioni.

Fundi mmoja aliitazama, hakuipima, akasema: batri imekufa, toeni dola 40. Wamama, mnajua dola 40 ni nini kwetu. Ni mtaji wa mama anayeanza kuuza chumvi na mafuta ya mawese. Hata hivyo, kwa kuogopa kupoteza hesabu, mama mweka hazina alikwisha kuwaita wenzake wawili wenye funguo, maana sanduku lina kufuli tatu na halifunguliwi na mtu mmoja. Hapo mama mmoja mzee, ambaye hajagusa mashini maisha yake yote, akatuuliza: "Walimu wanangu, mmejuaje kama ni batri?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Sanduku likabaki limefungwa, na sisi walimu wawili pamoja na mama mwandishi tukapewa siku tatu za kutafuta. Tunawaeleza njia tuliyoifuata, kwa sababu nyumba nyingi sasa zina mashini, ya mtoto anayesoma chuo au ya baba.

Kwanza tulipima moto wenyewe. Hapa kwetu moto ni wa sola, na siku za mawingu sola inachoka. Tulichomeka taa na simu kwenye prizi ileile, katikati ya mchana. Taa iliwaka bila kupepesa, simu ikajaza. Basi kosa halikuwa kwa sola wala kwa kisanduku kinachobadili moto wake.

Pili tuliipumzisha mashini. Tuliizima, tukachomoa chaja, tukaitoa batri, kisha tukabonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili moto uliobaki ndani uishe. Tukairudisha batri na kuchomeka tena. Mara nyingine hilo peke yake linatosha. Kwetu halikusaidia. (Mashini ambayo batri yake imefungwa ndani kwa skurubu, msiifungue nyumbani. Zimeni tu, chomoeni chaja, bonyezeni kitufe.)

Tatu tuliiuliza mashini yenyewe habari za batri. Zile zenye Windows zinajua kujieleza: unafungua dirisha jeusi la amri, unaandika powercfg /batteryreport, nayo inatunga ripoti. Ndani yake mna hesabu mbili za kulinganisha: batri ilibeba kiasi gani ilipotoka kiwandani, na inaweza kubeba kiasi gani leo. Yetu ilianza na 41,000, na sasa inabeba 30,000 hivi. Ni karibu robo tatu. Imezeeka, lakini haijafa.

Nne tukaja kwenye chaja. Mgongoni mwa kila chaja kuna maandishi madogo. Yetu inasema inatoa volti 19.5 na ampea 3.34, ukizidisha unapata wati 65. Tuliazima kwa mwalimu wa shule jirani chaja ya aina ileile, yenye hesabu zilezile. Tulipoichomeka, asilimia 3 zikawa 4, kisha 5. Mama mwandishi alipiga kigelegele, na watoto wakaja mbio dirishani.

Ndipo tulipotazama vizuri mdomo wa chaja yetu. Katikati yake kuna sindano nyembamba, nayo ilikuwa imevunjika. Sindano hiyo haipitishi moto wa kuendesha mashini. Kazi yake ni kuijulisha mashini kwamba chaja hii ni yake na ina nguvu za kutosha. Isipopata habari hiyo, mashini inakubali moto wa kufanyia kazi lakini inakataa kujaza batri. Tuliandika hesabu za chaja kwenye karatasi, tukampa dereva wa moto anayeshuka Butembo, naye akatuletea nyingine kwa dola 12. Dola 28 zimebaki sandukuni.

Mengine ya kujua ni haya. Mashini mpya zenye mdomo mdogo kama wa simu, chaja ya simu itaingia humo lakini mara nyingi nguvu zake hazitoshi. Nyingine zinaacha kujaza kwenye asilimia 80 kwa makusudi, ili batri idumu; huo si ugonjwa. Na batri iliyopata joto kali inaweza kukataa kujaza mpaka ipoe, kwa hiyo tusiiweke juani karibu na paneli.

Sasa neno la usalama, ambalo ni la kila mama mwenye watoto. Batri iliyovimba, hata kama bado inafanya kazi, iachwe papo hapo: msiichomeke, msiibane, msiitoboe. Batri ya zamani isitupwe motoni wala isipewe mtoto kuchezea. Inaweza kulipuka, na moshi wake ni sumu. Na mashini inapojaza isiwekwe juu ya godoro au chini ya blanketi, maana inahitaji hewa.

Jioni ile ya furaha mtoto mmoja alituuliza batri inatengenezwa kwa kitu gani. Tulimjibu kwamba batri nyingi za namna hii zina kobalti ndani, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa hapa Kongo, upande wa Kolwezi. Wataalamu watatu walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kuvumbua batri hizi. Mawe yanatoka katika nchi yetu, yanazunguka dunia, yanaturudia kwa dola 40. Mtoto alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi tusome sana, ili sisi ndio tuzitengeneze." Tunawapa neno lake jinsi alivyolisema.

Kamati imeamua mambo mawili. Hesabu za sanduku zitaandikwa pia katika daftari la karatasi kila mkutano, na nakala itawekwa kwenye flashi atakayoishika mmoja wa wamama wenye funguo. Na mtu akituambia kitu cha kikundi kimekufa, tutamwomba atuonyeshe alivyokipima, kabla ya kufuli ya kwanza kufunguliwa. Kuuliza si ujinga.

Katika mkutano ujao tutasoma hesabu zote kwa sauti, jina kwa jina. Kila mama aje na kadi yake, tulinganishe. Mwenye mashini inayosumbua nyumbani aje nayo pamoja na chaja yake. Tutaitazama baada ya mkutano, bila malipo.