Kupiga picha ya mwamba chini ya maji kwa mwanga wa jua

Ndugu mfugaji, picha nyingi mnazonitumia za chini ya maji ni za kijani tupu. "Bwana samaki, mwamba uko hapo, angalia vizuri." Naangalia, sioni. Na mwamba huo ndio unaoamua kama kizimba chako cha sato kitakaa salama au wavu utasagwa kwenye jiwe hadi samaki wote watoke.

Pwani ya ziwa upande wa Geita ina majabali kama yale ya Mwanza, na mengi yamejificha chini ya maji. Mfugaji mmoja wa Nkome alikuwa ameshachagua mahali pa kutia nanga. Picha yake ya tatu ndiyo iliyoonyesha ncha ya jiwe karibu na usawa wa kitako cha wavu. Alisogea kabla hajapandikiza kifaranga hata mmoja.

Kwa nini inakuwa kijani? Maji humeza rangi nyekundu kwanza. Ziwani kwetu mwani na tope humeza na bluu pia, hivyo kinachobaki ni kijani. Kila hatua kati ya kamera na jiwe huongeza ukungu. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Pima uangavu. Chukua mfuniko wa ndoo, upake robo mbili nyeupe na mbili nyeusi, ufunge jiwe na kamba yenye fundo kila nusu mita. Uzamishe hadi usiuone. Ukipotea kabla ya mita moja, ahirisha siku hiyo.

2. Chagua saa. Huku kwetu karibu na ikweta, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana jua liko juu na mwanga unazama vizuri. Wahi kabla upepo wa mchana haujaanza. Baada ya mvua kubwa subiri tope litulie.

3. Zima taa ya simu. Mwanga wake hugonga vumbi la majini na kurudi kama nukta nyeupe.

4. Sogea karibu. Mimi huweka kamera sentimita 30 hadi 60 kutoka kwenye jiwe, nikapiga vipande vingi badala ya picha moja ya mbali.

5. Tumia kivuli. Jua likiwa mgongoni rangi huonekana, likiwa ubavuni nyufa na ncha hujitokeza. Ukitaka umbo la jabali zima, elekeza kamera juu kutoka chini: jiwe litakuwa jeusi mbele ya maji yanayong'aa.

6. Rekodi video. Kioo cha simu hakisikii kidole majini, hivyo anza kurekodi kabla ya kuzamisha, kisha kata picha baadaye. Mfuko wa kuzuia maji ujaribu kwanza ukiwa na karatasi ya chooni ndani.

7. Weka kitu cheupe, kama sahani ya plastiki, kando ya jiwe. Ukirekebisha rangi kwenye simu hadi sahani iwe nyeupe, jiwe nalo litarudi kwenye rangi yake.

Sasa la muhimu zaidi: usizame. Funga kamera kwenye mti mrefu, uishushe ukiwa ndani ya mtumbwi, umevaa jaketi la kuokolea. Ziwa lina mamba, viboko na kichocho. Mashimo ya machimbo yaliyojaa maji usiyasogelee kabisa, kingo zake huporomoka. Nanyi wa malambo ya Shinyanga, maji yenye rangi ya chai ya maziwa hayapigiki picha. Pimeni kina kwa mti.

Mwanga huu si wa kamera peke yake. Kwenye mawe hayo wanaishi furu, akiwemo mmoja aliyepewa jina la Mwalimu, Pundamilia nyererei. Dume lake ni jekundu, na jike humchagua kwa rangi. Mwaka 1997 Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka, rangi hazionekani, na aina za furu huanza kuchanganyika na kupungua. Tope linaloshuka kutoka mashambani kwetu linaziba macho ya samaki kama linavyoziba simu yako. Kwa hiyo acheni majani na miti ukingoni.

Ukinitumia picha, andika kina, saa uliyopiga na jina la mwalo. Nikiliona jiwe, nitakwambia pa kutia nanga.