Likizo ya theluji bila kukata pesa ya nyumbani

Habari ikifika Goma ama Bukavu kwamba watoto wa ndugu fulani kule Ulaya wameenda kucheza ski, wengi wanasikia neno moja tu: pesa iko. Picha inaonyesha mlima mweupe, koti jipya na mtoto anayecheka. Haionyeshi kadaftari. Na kwa familia nyingi za Wakongomani walioko Ubelgiji na Ufaransa, bila kadaftari picha ile haipatikani.

Mama mmoja mzaliwa wa Masisi anaishi Liège, upande wa mashariki wa Ubelgiji, pamoja na watoto wake watatu. Mkubwa ana miaka 14, wa pili 11, na wa mwisho 4. Mama anafanya kazi ya usafi katika nyumba za watu, kwa kulipwa kwa saa. Hakuna mwezi ambao pesa inabaki bure. Kila tarehe 5 anatuma euro 50 kwa mdogo wake wa kike aliye Goma, ambaye alikuwa kambini na watoto wake mpaka kambi za pembeni ya mji zilipobomolewa mwezi wa pili 2025. Tangu mwanzo wa mwaka ule benki nyingi za Goma zilifunga milango, kwa hiyo pesa inapitia kwenye simu, na kila anayeitoa anakatwa kidogo.

Basi kwa nini mtu wa namna hiyo afikirie likizo ya theluji? Sababu ilikuwa mtoto mkubwa. Kule Ubelgiji, shule nyingi za msingi zinapeleka wanafunzi milimani kwa siku kadhaa wakati wa baridi. Zamu ya darasa lake ilipofika, familia ilikuwa ingali inangoja jibu la ombi la ukimbizi, na mwenye kungoja hana karatasi ya kuvuka mpaka. Wenzake waliondoka kwa basi, yeye akawekwa katika darasa la watoto wadogo mpaka waliporudi. Hakulalamika. Ila mama aliona kwamba tangu siku ile, kila theluji inapoanguka, mtoto anafunga pazia.

Mwezi wa nne, karatasi zikiwa zimepatikana, mama alifungua daftari. Mstari wa kwanza aliandika: "Ya Goma, 50, haiguswi." Chini ya mstari huo ndipo alipoanza hesabu ya safari.

Watu walimshauri mambo mengi. Wengine walisema aende Alps, kwenye vituo vikubwa vya Ufaransa. Huko tiketi ya lifti inayopandisha watu mlimani inazidi euro 300 kwa mtu mzima mmoja kwa siku 6, kabla hajalala wala hajala. Wengine walisema Bansko, mji wa Bulgaria ulio chini ya milima ya Pirin, kwa sababu hoteli na chakula ni bei ya chini. Ni kweli. Lakini tiketi za ndege za watu wanne zinapanda wakati wa likizo ya shule, na kutoka uwanja wa ndege wa Sofia kuna barabara ya kilomita karibu 160. Asiye na watoto wa shule anaweza kwenda katikati ya mwezi wa kwanza, wakati bei imeshuka baada ya Mwaka Mpya. Mwenye watoto anafuata kalenda ya shule, na wenye hoteli wanaijua kalenda hiyo vizuri.

Ndipo akachagua Vosges, milima midogo ya mashariki ya Ufaransa, mahali ambapo gari linafika kwa siku moja bila kulala njiani. Si mirefu. Kituo cha La Bresse-Hohneck, kikubwa kuliko vyote vya milima ile, kileleni kinafika mita 1,350 hivi. Mkaaji wa Goma anaweza kucheka: maji yenyewe ya Ziwa Kivu yako kwenye mita 1,460. Theluji ya Vosges inaletwa na umbali kutoka ikweta na majira ya baridi. Kwetu lazima kupanda mpaka Ruwenzori, upande wa Beni, ambako kilele cha Margherita kina mita 5,109 na barafu yake inapungua mwaka kwa mwaka. Mama huyu alizaliwa katika jimbo lenye barafu hiyo, lakini theluji ya kwanza kuigusa kwa mkono ilikuwa ya Liège.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Nyumba ya kupanga kwa usiku 4, wakigawana na familia nyingine ya Kivu: euro 260 upande wake. Mafuta ya gari la familia ile: 70. Nguo: 60. Kukodi ski, viatu na kofia za kinga za watoto wawili kwa siku 3: 90. Tiketi za lifti za watoto hao: 150. Mwalimu wa kundi: 120. Bima ya mlimani na chakula cha nyongeza: 100. Jumla euro 850. Kwa miezi kumi ni 85 kila mwezi, na pesa hiyo aliiweka kupitia likelemba ya akina mama wa Kivu walioko Liège. Aliomba zamu yake iwe mwezi wa kwanza.

Kila namba hapo ina kitu kilichoachwa. Mama mwenyewe hakukodi ski. Yeye na wa mwisho walikaa chini ya mlima na kisahani cha plastiki cha kutelezea, mahali ambapo hawalipishi. Chakula walikipika nyumbani: fufu, sombe na maharagwe yalisafiri ndani ya sanduku la baridi, kwa sababu sahani moja ya chipsi kule juu inauzwa kwa bei ya kushangaza. Nguo alizipata kwenye duka la nguo zilizokwisha kuvaliwa, mwezi wa sita, wakati hakuna mtu anayewaza baridi. Ni makoti ya namna ile ile inayofika Goma ndani ya balo na kuvaliwa na wanamotari asubuhi. Kitu kimoja tu alikataa kukikata: bima. Mtoto akivunjika mguu mlimani, kumshusha kunalipiwa, na deni la namna hiyo linaweza kula mwaka mzima.

Familia ya tatu ilitaka kwenda nao, lakini ilikuwa bado na karatasi ya kungoja. Aliyekwisha kupewa ukimbizi anaweza kuvuka na hati yake ya safari na kadi ya ukaaji, mpaka siku 90 katika kila siku 180. Anayengoja hawezi, hata kama mpaka hauna askari. Hao walishauriwa waende Signal de Botrange, mahali pa juu kuliko pote Ubelgiji, mita 694 tu, karibu kilomita 50 kutoka Liège. Theluji ikianguka, watoto wanateleza kutwa na jioni wanalala kwao. Gharama ni nauli na chai ya moto.

Jambo zito lilibaki: kumwambia mdogo wake. Mama alikuwa na mfano mbele ya macho. Jamaa yake mmoja alichukua mkopo, akapeleka familia Alps, akajaza picha kwenye simu. Ndugu wa nyumbani walipoona picha, kila mmoja alileta shida yake. Jamaa hakuweza kusema kwamba ana deni. Alizima simu miezi minne, na katika miezi hiyo shangazi yake aliugua na kupona bila yeye kujua.

Kwa hiyo alituma ujumbe wa sauti wiki mbili kabla ya safari. Alisema wanaenda wapi, kwa pesa ngapi, iliwekwa namna gani, na kwamba tarehe 5 haibadiliki. Mdogo wake alikaa siku mbili bila kujibu. Kisha akasema: "Yaya, watoto waende. Yule mkubwa nilimbeba mgongoni tulipotoka Masisi, najua namna anavyonyamaza. Lakini picha usiweke kwenye grupu ya familia. Hapa tunalala watu tisa katika chumba kimoja."

Picha hazikuwekwa. Hata hivyo habari ilivuja, kama kawaida, na kaka yao mkubwa akaandika: "Sisi tunakimbia, ninyi munacheza." Mama hakubishana naye. Alipiga picha ya ukurasa wa daftari, wenye mstari wa kwanza wa Goma na namba zote chini yake, akamtumia. Kaka hakurudisha neno. Siku ya kulipa karo ya watoto wake ilipofika, aliandika tena. Safari hii hakuandika "nisaidie" peke yake kama zamani. Alitaja pesa anayohitaji, pesa aliyokwisha kupata mwenyewe, na iliyopungua: dola 35.